Samaki hawali majani: tafuta chanzo kabla hujamlaumu samaki

Asubuhi unamwaga kapu la matembele bwawani. Jioni unarudi na kuyakuta yaleyale, yamesukumwa na upepo hadi kona ya kingo, yamelegea, yameanza kutoa harufu. Jirani yako kamwaga majani hayohayo na kufikia saa kumi hakijabaki hata kikonyo. Hapo ndipo maneno huanza: mbegu mbovu, maji mabovu, mwaka mbaya.

Nimefuga samaki huku Songea miaka mingi, na wenzangu wameniita kwenye mabwawa yao kwa shida hii mara nisizoweza kuzihesabu. Karibu kila mara nimekuta samaki hajagoma. Ama mdomo wake haukuumbwa kwa jani lile, ama jani lina kitu kinachomfukuza, ama maji yenyewe hayampi nafasi ya kula. Nitakupeleka dalili kwa dalili, kama nifanyavyo nikifika kwenye bwawa la mtu. Usiruke dalili ya kwanza hata kama unaona si yako, kwa sababu nyingine zote zinategemea jibu lake.

Majani yanaelea siku nzima na hakuna anayeyagusa

Swali la kwanza ni moja: una perege gani?

Neno perege tunawaitia samaki wengi wenye sura za kufanana na matumbo yasiyofanana. Sato, yaani Oreochromis niloticus, ambaye ndiye aliyesambaa zaidi kwa wafugaji, ni mchujaji. Chakula chake kikuu cha asili ni mwani mdogo mno, ule unaoyapa maji rangi ya kijani, pamoja na utando laini unaoota juu ya mawe, matope na mashina yaliyozama. Kwenye matamvua ana vitana vingi vilivyosongamana, na chembe ndogo zikiingia na maji hunaswa humo kisha humezwa. Pumba atakula. Matembele yaliyolainika atadonoa. Lakini kapu la majani mabichi yenye mishipa, kwake, ni sawa na muwa kwa mtu asiye na meno.

Mla majani hasa ni ndugu zake wa jenasi Coptodon. Coptodon rendalli ni mwenyeji wa Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na mito ya Zambezi. Mwenzake, Coptodon zillii, aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na Ziwa Naivasha, nchini Kenya, mwaka 1956. Hawa wana vitana vichache, na kooni wamejaaliwa meno makubwa ya kusaga. Huling'ang'ania jani kwa midomo, hutikisa kichwa, huchana kipande, kisha kipande kile husagwa kooni kabla ya kushuka tumboni. Ukikaa kimya ukingoni jua likiwa kali utaliona jani likichezacheza kama linavutwa na uzi.

Kuwatofautisha anza na mkia. Mkia wa sato una mistari myembamba ya wima, mmoja baada ya mwingine, kuanzia shina la mkia hadi ncha. Rendalli hana mistari hiyo; kifua chake huwa chekundu na nusu ya chini ya mkia huwa na wekundu au unjano. Ila rangi hudanganya. Samaki aliyeogopa, au aliyekulia kwenye maji ya matope, hupauka hata mwenyewe asimtambue. Kwa hiyo chukua mmoja uliyemvua kwa ajili ya mboga, inua kifuniko cha shavu, tazama upinde wa kwanza wa matamvua, na uhesabu vitana vya sehemu ya chini kwa njiti ya kiberiti. Vikiishia kama kumi na kidogo, una mla majani. Vikifika 18 na kuendelea, una sato. Dalili ya tatu ni uzazi: jike la sato hubeba mayai mdomoni, ilhali Coptodon hutaga chini kwenye sakafu ya bwawa na wazazi wote wawili hulinda. Ukimkamata jike mayai yakamwagika kinywani, mjadala umekwisha.

Mimi jambo hili nililijua kwa hasara. Bwawa langu la kwanza nilipandikiza vifaranga 500 kutoka kwa muuzaji aliyewaita "perege wa majani". Miezi minne niliwalisha majani peke yake, asubuhi na jioni, na wakabaki urefu wa kidole. Mzee mmoja mfugaji akaja, akavua mmoja kwa chandarua, akamfunua shavu, akahesabu kimyakimya, kisha akanionyesha. "Mwanangu," akasema, "huyu chakula chake anakinywa. Wewe unampa kuni."

Kama una sato, usiache majani, badilisha njia ya kuyafikisha. Jenga uzio wa miti kwenye kona ya bwawa, uchukue kama sehemu moja ya kumi ya eneo lote. Jaza humo majani yaliyokatwakatwa, tabaka la majani na tabaka la samadi, na uyakoroge kila baada ya siku moja au mbili. Yakioza taratibu yanatoa virutubisho, virutubisho vinakuza mwani, na mwani ndio sato anaoula. Kipimo ni mkono wako mwenyewe: nyoosha mkono ndani ya maji kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, rangi iko sawa. Ukiendelea kuviona vidole maji yakiwa yamepita kiwiko, ongeza. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, simamisha kila kitu kwa siku kadhaa.

Jambo jingine kwenye dalili hii ni umri. Hata Coptodon akiwa kifaranga hali majani. Hula vijidudu na mwani. Ukipandikiza wadogo halafu ukawatupia majani ya maboga, usishangae. Wape pumba laini na maji ya kijani hadi wapite urefu wa kidole, kisha anza na majani laini yaliyokatwa membamba.

Wanakula mengine, mengine wanayaacha

Hii si shida, ni taarifa. Samaki anakuambia jani lipi lina thamani kwake, na inafaa kumsikiliza.

Walaji wengi wa majani majini huchagua kwa namna ya kufanana. Anayefahamika zaidi duniani kwa kazi hii ni kapi wa Kichina, Ctenopharyngodon idella, ambaye Misri wamemtumia kusafisha mifereji ya umwagiliaji. Huyo hupenda mimea laini iliyozama kama haidrila, na vimea vidogo vinavyoelea kama lemna. Gugu maji hulikwepa akiwa na kingine cha kula. Coptodon naye ana mwelekeo huohuo: laini kabla ya gumu, changa kabla ya komavu, jani kabla ya shina.

Sababu ziko ndani ya jani. Nyuzinyuzi nyingi humchosha kuchana na humpa kidogo baada ya kazi kubwa. Nyasi kama mabingobingo zinapokomaa hujaa chembe ngumu za silika, zilezile zinazokukata mkono unapozivuna. Majani ya magimbi yana fuwele za oksaleti zinazowasha koo la mtu na la samaki pia, mpaka yachemshwe. Majani mengine yana tanini, ule ukakasi unaoufahamu ukitafuna jani la mpera. Jaribio langu la haraka ni kucha: nikibana mshipa wa kati kwa kucha ya kidole gumba ukakatika bila kulazimisha, samaki ataweza. Nikilazimika kuupinda mara mbili, hilo ni la mbuzi.

Ukitaka uhakika, fanya jaribio la mafungu. Chukua aina nne za majani uliyonayo, tuseme matembele, maboga, mpapai na mabingobingo machanga. Funga nusu kilo ya kila aina kwenye kamba uliyoivusha bwawani. Kisha funga mafungu mengine manne yanayofanana, haya uyatie ndani ya mfuko wa wavu ambao samaki hawawezi kupenya. Watu wengi huiacha hatua hii ya pili, na ndiyo yenye kazi. Jani likikaa majini hubadilika uzito lenyewe hata kama hakuna aliyelionja. Kesho yake toa yote, kung'uta, ning'iniza kivulini yachuruzike kwa muda uleule, kisha pima. Ikiwa matembele ya ndani ya wavu yana gramu 460 na ya nje gramu 130, yaliyoliwa ni gramu 330, si 370. Rudia siku tatu na kila siku badilisha nafasi za mafungu kwenye kamba, maana fungu lililo karibu na ukingo huogopwa kwa sababu ya mdiria na kuku wa maji, nawe utadhani ni jani linalokataliwa.

Angalia pia ratiba yako. Ukiwapa pumba saa mbili asubuhi na majani saa tatu, majani watayaacha, kwa sababu wameshashiba kilicho rahisi. Tanguliza majani. Na jani wasilolijua wape wiki nzima kabla hujahukumu. Samaki hujifunza chakula kipya kwa kuonja kidogokidogo, na wenzake humwiga.

Uchaguzi huu una upande wa pili ambao watu wa maziwa wanaujua kwa uchungu. Ziwa Naivasha, mwaka 1970, waliingizwa kamba wa maji baridi wa Louisiana, Marekani, Procambarus clarkii. Ni walaji wakubwa wa mimea. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea iliyozama ilikuwa imetoweka, na yale mayungiyungi ya buluu yaliyopamba ziwa yakaisha pia. Kisha gugu maji lilipofika mwishoni mwa muongo huo, likatanda, kwa maana halikuwa na mlaji. Bwawani kwako ni vilevile kwa udogo wake. Ukiwaachia samaki wamalize mmea laini wote, utakaobaki ni ule wasioutaka, nao utajaza nafasi. Huo uung'oe kwa mkono. Kusubiri samaki wabadilishe ladha ni kupoteza msimu. Hata Ziwa Victoria, gugu maji halikupunguzwa na samaki. Kazi kubwa ilifanywa na fukusi wa jenasi Neochetina walioachiliwa ziwani miaka ya 1990, ambao hula mmea huo tu.

Walikuwa wanakula vizuri, sasa wameacha

Tumbukiza kipimajoto kabla ya kufikiria ugonjwa. Perege hula kwa nguvu maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hamu hupungua sana, na yakikaribia 16 huacha. Huku Nyanda za Juu Kusini mwezi wa Juni na Julai ndio msimu wa simu hizi. Mtu ananiambia samaki wamesusa, namuuliza unalisha saa ngapi, anajibu saa moja asubuhi. Saa moja asubuhi ya Julai hata mimi sili. Hamishia chakula saa sita hadi saa tisa mchana, punguza nusu, na yasiyoliwa yatoe.

Kama joto liko sawa, njoo bwawani kabla jua halijatoka. Ukiwaona wamepanda juu wanahema midomo ikiwa wazi, tatizo ni hewa, si chakula. Majani yaliyozidi yanaoza chini, kuoza kunakula oksijeni, na usiku mwani nao unaivuta ileile. Samaki asiye na hewa hali. Wengi hapa hukosea: wanaona hawali, wanabadilisha aina ya majani, wanaongeza mengine, na wanazidisha hasara. Simamisha majani na samadi, ingiza maji mapya kutoka kwenye mfereji yakidondoka kutoka juu ili yabebe hewa, na subiri hadi waache kupanda alfajiri kwa siku tatu mfululizo.

Kama ni majike ya sato tu yanayojitenga bila kula, yaache. Jike mwenye mayai mdomoni hali mpaka atakapowaachia watoto.

Wamekufa baada ya kula majani

Kwanza tazama ni nani aliyekufa na saa ngapi. Wakifa alfajiri, na wakubwa wakatangulia, hiyo ni hewa, rudi juu. Wakifa mchana, wadogo kwa wakubwa, saa chache baada ya kulisha, fikiria sumu.

Kisamvu kibichi ndicho nianzacho kukiuliza. Majani ya muhogo yakichanwa hutoa sayanidi, na samaki hawastahimili sayanidi hata kidogo. Ndiyo sababu maji yaliyolowekewa muhogo mchungu yakimwagwa kwenye kijito, samaki wa chini yake huelea. Kisamvu kinafaa, tena kina protini nzuri, lakini lazima ukikatekate, ukianike juani kikauke kabisa, na kichanganywe na chakula kingine. Usikimwage kibichi.

Majani ya mlusina hayaui kwa siku moja. Yana mimosini, ambayo hudumaza. Loweka siku mbili, mwaga maji yake mbali na bwawa, anika, saga, na yasiwe sehemu kubwa ya chakula.

Utupa ni jambo la hatari kuliko yote haya, na unazidi kuwa karibu nasi. Wakulima wengi sasa wanaupanda shambani kurutubisha udongo, kuhifadhi mbegu na kufukuza fuko. Babu zetu waliutwanga na kuutia mtoni ili kulewesha samaki, na ni sumu ileile iliyomo hadi leo. Humzuia samaki kutumia hewa hata kama maji yana hewa tele, kwa hiyo utawaona wanahema juu mchana kweupe. Mtoto anayekata majani ya bwawa lazima aonyeshwe mti huu kwa kidole na aambiwe jina lake. Na usiupande kwenye kingo.

Halafu kuna mabaki ya sokoni: kabichi, sukuma wiki, chainizi. Majani yenyewe ni mazuri, lakini viuatilifu vinavyopigwa kwenye mboga, hasa vya kundi la pairethroidi, huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Kama hujui yalipigwa dawa lini, yape shimo la mboji, usiyape bwawa. Ukishakosea, toa kila jani, fungua maji yaingie na kutoka, na waliokufa wafukie. Wasiliwe wala wasipewe mbwa.

Samaki wa kioo mwenye tumbo lililovimba

Wapo wasomaji wanaofuga samaki wa Kigoma ndani ya nyumba. Tropheus wa Ziwa Tanganyika hukwangua utando wa mwani kwenye miamba kutwa nzima na utumbo wake ni mrefu sana. Akilishwa nyama, au minyoo kila siku, tumbo huvimba, kinyesi huwa cheupe na kirefu, na wengi hufa. Mrudishe kwenye mwani: spirulina, mchicha uliochemshwa kidogo, jiwe lililoachwa juani ndani ya ndoo ya maji hadi lipate ukijani. Kidogo mara nyingi, si kingi mara moja.

Majani yameisha haraka, lakini maji yameharibika

Mla majani hasagi kila kitu. Sehemu kubwa ya alichomeza hutoka upande wa pili ikiwa imekatwakatwa tayari, mbolea kamili. Kwa hiyo bwawa lililokuwa na mimea na maji maangavu huwa la kijani kizito baada ya wiki chache za samaki wenye hamu. Ukiwa na Coptodon peke yao, huo kijani unapotea bure. Hapa ndipo ninapopendekeza kuwachanganya na sato wachache, ambao watakula kile kinachoota kutokana na kinyesi cha wenzao. Zingatia tu kwamba spishi isiyokuwepo kwenye mto wa kwenu usiilete bila kumwona afisa uvuvi, maana mafuriko ya msimu mmoja yanatosha kuwapeleka mtoni, na kutoka huko hawarudishwi.

Majani yanaliwa, lakini huna hakika ni nani anayekula

Soma ukingo wa jani. Samaki huchana pembeni na kuacha mshipa wa kati ukiwa kama mfupa wa dagaa. Konokono hukwangua katikati, jani linabaki na madirisha yenye ngozi nyembamba au matundu ya duara. Kamba wa maji baridi hukata shina chini, na asubuhi unakuta mmea mzima unaelea ukiwa umeliwa kidogo tu. Viluwiluwi hawachani jani zima. Hukwangua utando wake, na kila wanachokwangua ni chakula cha vifaranga wako.

Konokono usimchukulie kama mgeni wa kawaida. Baadhi yao ndio wanaobeba kichocho, na hupenda kujificha kwenye majani yaliyolala kandokando ya maji. Fyeka kingo, usiache majani ya kulisha yakae zaidi ya siku, na azola (kimea kingine kidogo kinachoelea) au lemna unayoichota mashamba ya mpunga isuuze na kuichambua kwenye beseni kabla hujaitia bwawani. Wavae viatu vya mpira wanaoingia majini.

Wanakula sana lakini hawakui

Hii ndiyo inayowavunja moyo watu wenye bidii, maana wanafanya kila kitu na kipimo hakipandi.

Anza na hesabu ya maji. Mimea ya majini ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kapu la azola la kilo 10 ukilikausha linabaki kama gramu 600. Protini ndani yake ni karibu robo, yaani gramu 150. Kiasi hicho cha protini unakipata kwenye robo kilo ya dagaa wakavu. Sisemi azola haifai. Naipanda mwenyewe, hainigharimu pesa. Nasema kapu moja lililojaa machoni ni kijiko tumboni. Samaki wa majani wanahitaji majani mengi kila siku, na juu yake pumba na mashudu kidogo. Hata Coptodon porini hali majani peke yake. Hudaka wadudu na vijidudu kila apatapo.

Kisha hesabu samaki. Perege huzaliana wakiwa wadogo, na bwawa ulilopandikiza wawili kwa kila mita ya mraba linaweza kuwa na kumi baada ya miezi sita. Kokota wavu kona moja. Ukiona wengi wa urefu wa kidole wenye vichwa vikubwa na miili myembamba, na katikati yao majike madogo yenye mayai, wamedumaa kwa msongamano. Hakuna jani litakaloponya hilo. Vuna wadogo, kaanga, uza, wape kuku, au tia kambale wachache wa kuwapunguza, wakiwa wadogo kuliko perege unaotaka wabaki.

Kama idadi iko sawa, pasua tumbo. Utumbo wa sato ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umejikunja kama kamba ya katani. Uunyooshe juu ya ubao na uukate kwa wembe sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Kilichosagwa vizuri ni kahawia. Kilichopita bila kusagwa bado ni kijani kibichi. Lakini chunga saa unayopasua. Utafiti wa D. J. W. Moriarty katika Ziwa George, Uganda, uliochapishwa mwaka 1973, ulionyesha kwamba sato huuvunja mwani kwa tindikali kali sana ya tumbo, pH yake (kipimo cha ukali, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi kuwa kali) ikishuka hadi 1.4, na tindikali hiyo huanza kutoka samaki anapoanza kula. Mwani wa kwanza kumezwa asubuhi hupita kabla tindikali haijakolea, ndiyo maana hutoka ukiwa kijani. Unaofuata ndio unaosagwa. Ukipasua saa tatu asubuhi utasema samaki wako hasagi chakula, kumbe umemuwahi.

Kwa hiyo vua saa tisa alasiri, watatu wa ukubwa tofauti. Utumbo ukiwa mtupu, hawafikii chakula au wanatishwa na ndege. Weka matawi ya kujificha na ulishie katikati ya bwawa. Ukiwa umejaa tope la rangi ya udongo, wanakula chini kwa sababu juu hakuna kitu. Rudi kwenye kipimo cha kiwiko. Ukiwa umejaa vipande vya majani vya kijani hadi mwisho, jani ni gumu kuliko uwezo wao. Chukua changa zaidi, likatekate, au lipitishe kwenye uzio wa mboji. Na ukiwa umejaa kahawia kutoka katikati hadi mwisho, tumbo linafanya kazi yake. Kinachokosekana ni wingi: ongeza kapu, ongeza pumba asubuhi, na upime samaki haohao baada ya wiki tatu.